Haruni wa Chuma

Somo: Kutoka 4:1–17



Fungueni Biblia zenu katika kitabu cha Kutoka, sura ya 4, mkaisome polepole kabla ya kuendelea na maneno haya. Habari yake twaijua tangu Shule ya Jumapili. Musa amesimama mbele ya kijiti kinachowaka moto. Mungu amempa kazi: aende Misri, aseme na Farao, awatoe watu katika utumwa. Naye Musa ametoa udhuru mmoja baada ya mwingine, na sasa anatoa ulio mzito zaidi, kwamba yeye si mtu wa maneno. Akitaka kusema, ulimi wake haumtii.

Hebu tujiulize, kama sisi ndio tungekuwa wenye kutoa kazi ile, tungemjibu nini? Wengine wetu tungesema, "Pole sana, mzee, basi kaa nyumbani upumzike, tutamtafuta mwingine." Wengine tungesema, "Njoo kwanza tukuombee, ulimi ukifunguka ndipo uende." Mungu hakufanya la kwanza wala la pili. Hakumwondolea Musa ule uzito wa ulimi, wala hakumwondolea kazi. Alimkumbusha kwamba yeye Mwenyezi ndiye aliyeumba kinywa, na kwamba bubu na kiziwi, aonaye na asiyeona, wote ni kazi ya mikono yake. Kisha akamwonyesha Haruni, ambaye tayari alikuwa njiani akija kumlaki. Haruni atakuwa kinywa. Musa atabaki mwenye neno.

Ndugu zangu, liwekeni jambo hili moyoni: kazi ilibaki ya Musa, kilichoongezwa ni kinywa tu. Hapo ndipo penye fundisho letu la leo, nami nataka tulitazame kwa habari ya kitu cha siku hizi ambacho vijana wetu hukiona katika simu zao, yaani roboti.

Roboti ni mashine inayoongozwa kwa kompyuta, ambayo yaweza kutembea, kushika vitu, kuona kwa kamera na hata kutoa sauti. Jina lenyewe lina historia. Mwaka 1920 mwandishi wa nchi ya Wacheki, Karel Čapek, aliandika mchezo wa kuigiza juu ya watu wa kutengenezwa kiwandani, nao wakaitwa kwa jina lililotokana na neno la lugha yake, robota. Maana yake ni kazi ya kulazimishwa, ile ambayo wazee wetu waliiita shokoa. Sisi wa Ujiji hatuhitaji kamusi kuelewa neno kama hilo. Misafara ya watumwa ilipita hapa, ikitoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwenda kwa miguu hadi Bagamoyo, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Twajua maana ya mtu kufanywa mkono wa mtu mwingine pasipo hiari yake.

Kwa hiyo si ajabu watu wakiisikia habari ya roboti huingiwa na hofu. Husema, "Mashine itakula kazi zetu." Hofu hiyo si ya bure. Zipo mashine ambazo kazi yake ni kumwondoa mtu. Lakini sikilizeni habari ya mashine iliyotengenezwa kwa nia iliyo kinyume kabisa, nayo yatoka Japani.

Katika jiji la Tokyo, mtaa wa Nihonbashi, ulifunguliwa mgahawa mwezi Juni 2021. Mgeni akiingia, anayemkaribisha ni roboti. Mwenye kumletea kahawa ni roboti pia, yenye urefu wa sentimita 120, yaani kimo cha mtoto wa madarasa ya kwanza ya shule ya msingi. Na juu ya meza ipo roboti nyingine ndogo, haifiki hata urefu wa rula ya shule, ambayo huzungumza na mgeni na kupokea agizo lake.

Mtu atasema, "Basi, kazi za watu zimekwisha!" Sivyo. Nyuma ya kila roboti ya kuhudumia wageni yuko mtu, naye yuko nyumbani kwake, pengine mbali sana na Tokyo. Wengi wao ni watu ambao hawawezi kutoka nyumbani. Mmoja alivunjika uti wa mgongo. Mwingine ana maradhi ya kudhoofisha misuli, hata hawezi kuinua mkono wala kukaa bila kusaidiwa. Hao huitwa marubani. Rubani huona kwa kamera ya roboti, husikia kwa masikio yake, na kuiongoza iende huku au kule. Mwenye mikono isiyosogea hutumia macho: kompyuta hufuata macho yake yanapotua juu ya herufi moja baada ya nyingine, na maneno yale huwa sauti. Yumo hata mmoja ambaye kabla ya kuugua kazi yake ilikuwa kutengeneza kahawa. Ugonjwa ukamnyang'anya mikono, naye akairudia kazi yake ileile kwa mikono ya roboti. Na watu hao hulipwa ujira. Ni waajiriwa, hawakuwekwa pale ili waonewe huruma.

Aliyebuni jambo hili ni Kentaro Yoshifuji. Alipokuwa mtoto, ugonjwa ulimzuia kwenda shule kwa zaidi ya miaka mitatu. Akaonja upweke. Akajua kwamba mgonjwa huumia mwilini, tena huumia kwa sababu wengine wanaendelea na maisha na yeye hayumo. Alipokua, hakutaka kutengeneza mashine ya kumfariji mgonjwa kitandani kama mtoto anavyofarijiwa kwa mwanasesere. Alitengeneza mashine ya kumpeleka mgonjwa mahali watu walipo. Mgahawa ulijaribiwa kwanza kwa siku chache mwaka 2018, kisha ndipo ukafunguliwa huo wa kudumu.

Sasa angalieni. Mafundi wenye elimu kiasi hicho wangeweza kutengeneza roboti ya kujiendesha yenyewe. Ingeleta kahawa upesi zaidi, isingeugua, isingedai mshahara. Lakini hawakufanya hivyo. Waliifanya roboti imngoje mtu. Bila mtu imesimama tu, kama ngoma isiyo na mpigaji. Huyo ndiye Haruni wa chuma. Ni kinywa na mikono, lakini neno si lake.

Tuendelee kidogo na habari ya Haruni, maana Biblia haikuficha upande wake wa pili. Katika sura ya 32 ya kitabu hicho hicho, Musa yuko mlimani, na Haruni amebaki peke yake na watu. Kinywa kimebaki bila mwenye neno. Kikatokea nini? Ndama ya dhahabu. Haruni yule yule aliyekuwa msaada mkubwa, alipotengwa na yule aliyepewa kumtumikia, alitengeneza sanamu.

Nawaambia, ndugu zangu, hiki ndicho kipimo cha kila mashine, iwe roboti, iwe simu, iwe trekta. Tuulize swali moja: je, yamsogeza mtu karibu na kazi yake, au yamsukuma kando ili isimame mahali pake? Ikimsogeza, ni Haruni wa sura ya 4, tuipokee kwa shukrani. Ikimsukuma kando nasi tukaishangilia kwa kuwa inang'aa, tumeanza kuyeyusha hereni zetu.

Na kipimo hicho si cha mashine peke yake. Ni cha sisi pia tunaosaidia. Yuko mtu anayemsemea kiziwi kabla hajamuuliza anataka kusema nini. Yuko ndugu anayemshika mkono asiyeona mpaka sokoni, kisha anazishika na fedha zake. Yuko anayemsukuma mwenzake katika kiti cha magurudumu, akampeleka anakotaka yeye msukumaji. Hao nao ni Haruni waliosahau kwamba wao ni kinywa tu.

Pengine mtu anasema moyoni, "Mwalimu, hayo ni ya Japani. Hapa umeme unakatika, na roboti moja bei yake yaweza kununua mtumbwi, injini na nyavu zote za mwaloni." Kweli. Basi tuje Tanzania.

Mjini Iringa, Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa letu la Anglikana ilianzisha mwaka 2003 kituo kiitwacho Neema Crafts. Kilianza na vijana watatu wasiosikia. Walifundishwa kutengeneza karatasi, tena kwa kutumia mavi ya tembo! Kazi ikakua, zikaongezeka kazi za kufuma, kushona na shanga, na watu wenye ulemavu wa namna nyingi wakapata ajira. Ukafunguliwa na mgahawa, ambao wahudumu wake walikuwa viziwi. Mgeni alifanyaje kuagiza chai? Aliandika katika karatasi. Alionyeshwa pia ishara chache za mikono, ili aweze kusalimu na kushukuru.

Je, mmeona? Tokyo na Iringa, jambo ni lile lile. Kule Haruni ni kompyuta. Huku Haruni ni penseli na kipande cha karatasi. Hakuna aliyewaambia vijana wale, "Ngojeni mpaka msikie." Wala hakuna aliyewaambia, "Kaeni nyumbani, tutawaletea." Kilitafutwa kile kimoja kilichopungua kati ya mtu na kazi, kikawekwa pale.

Jirani zetu wa Kenya nao wanaye Roy Allela, fundi aliyebuni katika miaka ya 2010 glavu zenye kutambua ishara za mikono za mtu asiyesikia na kuzigeuza kuwa sauti katika simu. Alisukumwa na kumpenda mpwa wake asiyesikia, ambaye hakuweza kuzungumza naye. Ni kinywa kipya kabisa, na twamshukuru Mungu kwa akili aliyompa. Lakini glavu hizo hazituondolei sisi wajibu wa kujifunza ishara. Haruni alitoka kwao akamlaki Musa jangwani. Hakungoja Musa amfuate.

Hata hapa kwetu ukumbusho upo, tena wageni huja kutoka mbali kuutazama. Wengi wetu huwaambia wageni habari za mwaka 1871, Stanley alipomkuta Dkt. Livingstone chini ya mwembe. Ni wachache wanaokumbuka kwamba alipofika Ujiji mara ya kwanza, mwezi Machi 1869, Livingstone alikuwa hoi kwa homa ya mapafu. Hakuweza kutembea. Alibebwa juu ya kitanda katika msafara wa mfanyabiashara Mwarabu, Mohamed bin Gharib, mpaka ufukweni, ndipo akavushwa kwa mtumbwi. Watu walimpa miguu yao. Lakini hawakumnyang'anya kalamu. Aliendelea kuandika, na maandishi yake juu ya ukatili wa biashara ya watumwa yalisaidia kuamsha dhamiri za watu wa mbali. Kama wangesema, "Huyu hawezi kutembea, basi kazi yake imekwisha," hasara ingekuwa ya nani?

Nilimfahamu mzee mmoja hapa ziwani ambaye alipoteza macho akiwa mtu mzima. Alikuwa fundi wa kushona nyavu. Macho yalipokwenda, vidole vilibaki. Mjukuu wake alimtungia uzi katika sindano na kumwambia wavu umepasuka upande gani. Yeye akashona, na fundo lake halikuteleza. Kisha watu wema wakaanza kumhurumia. Wakampelekea unga, sabuni na maharage, nao kwa huruma yao wakazipeleka nyavu zao kwa mafundi wengine ili wasimchoshe. Siku moja nilipomsalimu aliniambia, "Mwalimu, chakula nashukuru. Lakini waambie waniletee nyavu."

Wapendwa, neno hilo ni hubiri zima. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 3, tunasoma juu ya mtu asiyeweza kutembea tangu kuzaliwa, ambaye kila siku watu walimchukua na kumweka mlangoni pa hekalu aombe. Fikirini: kila siku walikuwapo watu wenye nguvu na moyo wa kumbeba. Lakini walimbeba mpaka mlangoni tu, na kazi waliyomwona anaiweza ilikuwa kuomba. Hawakukosa nguvu za kumbeba. Walikosa mahali pengine pa kumpeleka.

Sisi je? Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba kati ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi, asilimia 11.2 wana ulemavu wa namna fulani. Tufanye hesabu kama darasani. Kanisa lenye waumini 200 lingetazamiwa kuwa na watu kama 22. Jumapili ijayo mgeuke mhesabu. Wako wapi? Na walioko, wana kazi gani katika nyumba ya Mungu zaidi ya kupokea mfuko wa mchele wakati wa Krismasi?

Serikali yetu ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Humo mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ametakiwa kuhakikisha kwamba asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Katika kila 100, watatu. Ni idadi ndogo. Itakuwa aibu ikiwa Kanisa, lenye shule na zahanati na ofisi, litangojea kukumbushwa na afisa wa kazi jambo ambalo Mungu alilifundisha pale kijitini.

Basi, kwa heshima yote mbele ya Mchungaji wetu, wazee wa kanisa na halmashauri, naweka mbele yenu mambo manne.

Kwanza, kila mtaa uandike majina ya ndugu zetu wenye ulemavu, na pembeni ya kila jina isiandikwe "anahitaji nini" peke yake. Iandikwe pia "anaweza kazi gani" na "alikuwa akifanya kazi gani". Waende kuwauliza wenyewe, wasiwaulize jamaa zao tu.

Pili, sehemu ya sadaka ya Krismasi itengwe kwa ajili ya vifaa vya kazi: baiskeli ya magurudumu matatu kwa asiyetembea, cherehani kwa mwenye mikono, simu yenye kumsomea maandishi kwa sauti asiyeona. Simu nyingi za siku hizi zina uwezo huo ndani yake tayari. Kinachotakiwa ni kijana wa kumfundisha mwenzake kuutumia. Vijana wetu, hapo mna kazi.

Tatu, mama zetu wa Umoja wa Mama wanaofanya biashara ya dagaa watazame vichanja vyao. Kichanja kikishushwa kimo kidogo tu, aliyeketi ataanika na kugeuza dagaa sawa na aliyesimama. Huhitaji kompyuta kwa hilo. Wahitaji msumeno na misumari. Na aliyeanika alipwe kama wengine wanavyolipwa.

Nne, nyumba ya Mungu yenyewe. Ngazi za mlangoni ziwekewe njia ya mteremko. Asiyeona apewe zamu ya kusoma somo kwa nukta nundu, au alihifadhi kwa moyo. Mwenye hesabu nzuri na miguu dhaifu afikiriwe katika kutunza hazina. Tusimweke mtu mbele ya kanisa ili atusikitishe. Tumweke kwa sababu kazi ile anaiweza.

Mtu akisema hatuna fedha za kutosha, arudi mwanzo wa sura yetu. Kabla ya habari ya ulimi, Mungu alimwuliza Musa ameshika nini mkononi. Musa alikuwa na fimbo, kijiti cha mchungaji, kitu cha kawaida kabisa. Kwa fimbo hiyo hiyo ishara zikatendeka Misri. Japani walitazama mkononi wakaona kompyuta. Iringa walitazama wakaona karatasi. Sisi tukitazama twaona mbao, sindano za nyavu, baiskeli, simu, na migongo ya vijana wenye nguvu. Vyatosha kuanzia.

Musa alikuwa na umri wa miaka 80 aliposimama mbele ya Farao, na Haruni 83. Nasi tulio wazee tusijitoe katika kazi hii. Na wewe ndugu yangu mwenye ulemavu unayesoma, au unayesomewa maneno haya, nakuomba neno moja: kama una kazi uliyopewa na Mungu, usikubali kuachwa nyuma kwa sababu kiungo kimoja hakikutii. Dai Haruni wako. Kanisa lina deni hilo kwako.

Tuombe. Ee Mungu uliyeumba kinywa na sikio, mkono na mguu, wewe humtupi mtu uliyemwita. Utufanye tuwe viungo kwa wenzetu wanaokosa viungo, wala tusiwanyang'anye kazi uliyowapa. Wabariki mafundi wanaobuni vyombo vya kuwasaidia, wawe Japani au Kenya au hapa kwetu. Utulinde tusiabudu vitu tulivyovitengeneza. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mwalimu mstaafu, Ujiji